Anvers: mwenye kutembea mjini asipige picha tu, aulize pia

Picha za Ulaya zinafika kila siku kwenye simu za watu wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Shangazi amesimama mbele ya kanisa kubwa, mjomba amevaa koti la baridi kando ya mto, watoto wanakula chokoleti mbele ya sanamu. Mji mmoja wenye kuonekana mara nyingi katika picha hizo ni Anvers, Ubelgiji, ambao wenyeji wake wanauita Antwerpen. Uko kandokando ya mto Escaut, karibu kilometa 80 kutoka baharini, na bandari yake ni ya pili kwa ukubwa katika Ulaya nyuma ya ile ya Rotterdam. Ni mji mzuri, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu mwenye kwenda kuuona.

Lakini wazee walisema mtembezi hula miguu yake. Mkongomani mwenye kuzunguka Anvers siku nzima, akarudi na picha hamsini bila swali hata moja, huyo amekula miguu yake kweli. Mawe ya mji huu yamebeba habari mbili zenye kuwahusu watu wa Kongo, na zaidi wale ambao vita imewatoa kwao. Ya kwanza: Anvers ni mji ambao wakaaji wake wenyewe walikimbia vita, tena zaidi ya mara moja. Ya pili: ni mji ambao mali ya Kongo ilipitia. Habari ya kwanza mji unaisema kwa sauti. Ya pili, kwa miaka mingi, mji uliisema kwa kunong'ona.

Tuseme mgeni anafika kwa treni. Kituo kikuu cha Anvers kinahesabiwa kati ya vituo vizuri kabisa duniani. Kilijengwa tangu 1895 hadi 1905, kazi ya msanifu Louis Delacenserie, kwa mawe, marmari, vioo na dhahabu, hata watu wakakiita kanisa kuu la reli. Mgeni anainua macho, anapiga picha. Hapo swali la kwanza lingefaa: miaka hiyo, kati ya 1895 na 1905, ilikuwa miaka gani kwa watu wa Kongo? Jibu ni kwamba ilikuwa miaka mibaya kabisa ya mpira, ile kaucho ambayo wanakijiji walilazimishwa kuitafuta porini kwa mjeledi na bunduki. Si lazima kusema kila jiwe la kituo lililipwa na mpira, maana mambo ya pesa za serikali yana mahesabu yake. Lakini mtu akijua tarehe hizo mbili, hatasimama chini ya paa lile kwa namna moja na yule asiyezijua.

Karibu na kituo hicho kuna mitaa ya wauza almasi. Maduka na ofisi zake ni za kawaida tu kwa macho, lakini kwa miaka mingi almasi nyingi za dunia zilipita hapo, na kati yake zile za Kasai. Mchimbaji wa Mbuji-Mayi hajui barabara hiyo, lakini jiwe alilochimba labda linaijua.

Kutoka kituoni mtu anatembea kwa miguu hadi uwanja mkubwa wa zamani, Grote Markt. Pale kuna jumba la mji lililojengwa tangu 1561 hadi 1565, na mbele yake kuna chemchemi yenye sanamu ya kijana akitupa mkono mkubwa uliokatwa. Ni kazi ya Jef Lambeaux, ya mwaka 1887. Wenyeji wanasimulia kwamba hapo kale jitu moja, Antigoon, lilikaa kando ya Escaut na kudai ushuru kwa kila mwenye chombo. Mtu asipolipa, jitu lilimkata mkono. Mwishowe kijana Brabo akalishinda jitu, akalikata mkono wake, akautupa mtoni. Wenyeji wanapenda kusema jina la mji lilitoka hapo. Leo mkono ndio alama ya Anvers, na maduka yanauza biskuti na chokoleti zenye umbo la mkono.

Mkongomani akiona mkono huo, hawezi kucheka tu. Tangu 1885 hadi 1908 Kongo nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili. Askari wa Force Publique walidaiwa kuleta mkono wa kuume kwa kila risasi waliyotumia, kusudi wakubwa wao wawe hakika kwamba risasi haikupotezwa katika uwindaji. Watu walio hai nao walikatwa mikono. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba mmoja jina lake Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Haki inadai kusema wazi: hadithi ya Brabo ni ya zamani sana kuliko Leopold, na chemchemi ilisimamishwa kabla ulimwengu haujasikia habari ya mikono ya Kongo. Wenye kuoka biskuti hizo hawakuwaza Kongo. Hata hivyo kuna jambo la kushangaza hapo. Mji mzima unamfundisha mtoto kwamba mwenye kukata mikono ya wasafiri kwa sababu ya ushuru alikuwa jitu, na kwamba ilifaa ashindwe. Basi mtoto huyo angeweza pia kuambiwa, palepale mbele ya chemchemi, habari ya mwingine aliyedai kodi ya mpira. Haingeharibu biskuti. Ingeongeza akili.

Hatua chache kutoka uwanjani kuna kanisa kuu la Bikira Maria. Ujenzi wake ulianza 1352, na mnara wake mrefu, wenye mita 123, ulikamilika 1521. Ndani yake kuna michoro mikubwa ya Peter Paul Rubens, kati yake ile ya Yesu akiinuliwa msalabani na ile ya mwili wake ukishushwa. Watalii wanalipa kiingilio kusudi waione. Wengi hawaambiwi kwamba michoro hiyo ilisafiri kwa nguvu. Mwaka 1794 askari wa Ufaransa waliichukua, wakaipeleka Paris, ikawekwa kati ya nyara za vita. Napoleon alipokwisha kushindwa, mwaka 1815, ikaanza kurudi. Leo nani katika Anvers angekubali kuambiwa kwamba michoro ya Rubens ingefaa ibaki Paris kwa sababu huko inatunzwa vizuri zaidi?

Swali hilo lina uzito kwa Wakongomani, maana jibu kama hilo ndilo wameambiwa kwa miaka mingi juu ya barakoa, sanamu na viti vya machifu vilivyoko katika nyumba za makumbusho za Ubelgiji. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe alipofika Kinshasa, alileta barakoa ya Kakuungu ya watu wa Suku, lakini aliileta kwa mkopo wa muda mrefu. Mwaka huohuo bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Ni hatua, na hatua inastahili kusifiwa. Lakini michoro ya Rubens haikurudi Anvers kwa mkopo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa mgeni ashuke hadi mtoni. Pale kuna Steen, ngome ya mawe ya karne ya 13, jengo la zamani kuliko mengine mjini. Kwa karne nyingi lilikuwa gereza, na leo linapokea watalii. Karibu na hapo kuna tunnel ya miguu iliyofunguliwa 1933, yenye urefu wa mita 572, inayopita chini ya Escaut hadi ng'ambo. Ngazi zake za mbao zenye kujiendesha bado zinafanya kazi. Watoto wanaipenda sana.

Lakini mbele ya mto huo ndipo familia zilizohama makwao zingefaa kusimama kwa muda, hata kwa mawazo tu. Mwaka 1576 askari wa Hispania, waliokuwa hawajalipwa mishahara, waliingia Anvers wakaua maelfu ya watu, wakapora nyumba na kuchoma jumba la mji. Mtu wa Ituri au wa Kivu hahitaji kuelezwa maana ya askari asiyelipwa. Miaka tisa baadaye, 1585, mji ulizingirwa mpaka ukajisalimisha, na Waprotestanti wakapewa miaka minne wauze mali zao na kuondoka. Mji uliokuwa na watu karibu 100,000 katika miaka ya 1560 ulibaki na kama 42,000 mwaka 1589. Wafumaji, wachapishaji, wafanyabiashara na walimu walikwenda Amsterdam, Middelburg, London na Frankfurt. Amsterdam ilinenepa kwa mikono ya wakimbizi hao. Wale waliowapokea hawakupata hasara.

Tena mwaka 1914. Usiku wa tarehe 7 Oktoba makombora ya Wajerumani yalianza kuanguka juu ya mji, na tarehe 10 mji ukajisalimisha. Katika siku hizo kando za Escaut zilijaa watu wenye mabunda, mikokoteni, wazee na watoto, wote wakitafuta chombo cha kuvuka. Wabelgiji karibu milioni moja walikimbilia Uholanzi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na wakaaji milioni sita na kidogo. Walilala makanisani, shuleni, katika mahema. Wengi walirudi baada ya majuma au miezi michache, wengine walibaki huko mpaka vita ikaisha 1918. Mama mwenye kulala darasani na watoto watano, akingoja jeton ya chakula, asifikiri kwamba ukimbizi ni aibu ya Waafrika. Wabelgiji nao walipita njia hiyohiyo, na leo wajukuu wao wanaweza kusimulia.

Ni kwa sababu gani wanaweza kusimulia? Kwa sababu iliandikwa. Kaskazini kidogo, kandokando ya maji, kuna nyumba ya makumbusho ya Red Star Line. Ilikuwa kampuni ya meli iliyobeba watu karibu milioni mbili kutoka Ulaya hadi Amerika tangu 1873 hadi 1934. Wengi walikuwa maskini wa Ulaya ya mashariki, na kati yao Wayahudi waliokimbia mauaji. Walifika Anvers kwa treni wakiwa wamechoka. Katika nyumba hizohizo za matofali walivuliwa nguo, nguo zikapigwa mvuke wa kuua wadudu, wao wakaogeshwa, daktari akawaangalia macho na ngozi. Mwenye ugonjwa alikataliwa, na kuna familia zilizogawanyika palepale, wengine wakapanda meli, mmoja akabaki. Tangu 2013 nyumba hizo zinapokea wageni. Ndani yake kuna masanduku, tiketi, barua, picha na majina. Sanduku la mtu maskini, ambalo zamani lingetupwa, sasa limewekwa chini ya taa na watu wanalipa kuliona.

Hilo ni jambo kubwa, na Anvers inastahili sifa kwalo. Lakini maji yaliyobeba Red Star Line ndiyo yaliyobeba pia meli za Kongo. Tangu 1895 kulikuwa na safari za kawaida kati ya Anvers na Matadi. Kampuni moja iliyokamua mpira katika eneo la Mongala ilichukua hata jina la mji: Société anversoise. Mwishoni mwa miaka ya 1890, karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alikuwa akitumwa Anvers kuangalia mahesabu. Akaona kwenye gati jambo lisiloingia akilini. Meli zilirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za tembo, lakini zilikwenda Kongo na bunduki, risasi na bidhaa kidogo sana za kuuza. Akauliza: watu wa Kongo wanalipwa kwa kitu gani? Jibu likawa wazi: hawalipwi, wanalazimishwa. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha kutetea Kongo, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha mali yake hiyo mikononi mwa taifa la Ubelgiji. Yote yalianza kwa mtu mmoja aliyesimama kwenye gati la Anvers, akatazama kile ambacho kila mtu alikuwa akikiona, akauliza.

Kusini mwa mji, katika mtaa wa Zuid wenye nyumba nzuri na makumbusho ya sanaa, mwaka 1894 kulifanyika maonyesho makubwa ya dunia. Wakongomani 144 waliletwa na kuwekwa katika kijiji cha kuigiza, watu wakija kuwatazama. Baadhi yao walifia huko. Watalii wengi wenye kukaa leo kwenye mikahawa ya Zuid hawajui hata kidogo.

Kwa kweli mambo yamebadilika kidogo. Makumbusho ya MAS, jengo refu jekundu lililofunguliwa 2011 karibu na bandari ya zamani, yalifanya maonyesho juu ya vitu vya Kongo vilivyo mikononi mwa mji, na kuuliza wazi vilifikaje. Mwezi wa Juni 2020, wakati watu walipoandamana katika nchi nyingi dhidi ya ubaguzi, sanamu ya Leopold katika mtaa wa Ekeren ilichomwa moto, kisha wakubwa wa mji wakaiondoa. Mnong'ono umeanza kuwa sauti. Lakini sanamu kuondolewa si sawa na habari kusimuliwa. Mahali pakiwa patupu, mtoto mwenye kupita hapo kesho hatauliza chochote.

Kuna wenye kusema: mtalii amelipa tiketi yake apumzike, mwacheni ale chokoleti. Wengine wanasema mtu wa kambini ana njaa, habari ya makanisa ya Ulaya itamsaidia nini? Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Hakuna mnara wenye kumshibisha mtoto. Lakini mtu aliyepoteza shamba, mbuzi na nyumba anabakiwa na jambo moja ambalo mwenye bunduki hakuliweza: anajua alitoka wapi, alitoka siku gani, na nani alikuwa naye. Asipoliandika, hilo nalo litapotea. Kambi za kandokando ya Goma, Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilijaa mamia ya maelfu ya watu, kisha mwanzoni mwa 2025 zikavunjwa. Baada ya miaka ishirini, kijana atakayepita hapo ataambiwa nini?

Basi Wakongomani wenye kuishi Ulaya, au wenye kupita huko kwa masomo na kazi, wana kazi ndogo ya kufanya. Wakienda Anvers, wamuulize mwongozaji wa watalii: gati la meli za Kongo lilikuwa wapi? Kijiji cha 1894 kilikuwa upande gani? Wasiulize kwa ugomvi. Waulize kama Morel, kwa utulivu na kwa kuendelea. Mwongozaji akiulizwa mara mia, ya mia na moja ataisema mwenyewe bila kuulizwa. Na wakituma picha nyumbani, watume na maneno mawili ya maelezo, kusudi mtoto wa Uvira asidhani kwamba Ulaya ilishuka kutoka mbinguni ikiwa imejengwa.

Kazi ya pili ni ya huku nyumbani, na haihitaji visa. Katika Anvers kuna nyumba ya Plantin, mchapishaji wa karne ya 16, mzaliwa wa Ufaransa aliyefika mjini kama mgeni. UNESCO iliiweka nyumba hiyo katika urithi wa dunia mwaka 2005, na ndani yake kuna mashine mbili za kuchapa zilizo za zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Familia ya mkimbizi haina mashine, lakini kaye ya shule na biki vinatosha. Jina la kijiji. Jina la chifu. Tarehe ya kuondoka. Njia iliyopitwa. Waliofika na wasiofika. Waliowapokea, maana hao pia wasisahauliwe. Parokia, makanisa, shule na redio za mitaa zinaweza kusaidia wazee wasiojua kuandika, na kutunza nakala mahali pengine, kwa sababu karatasi nayo hukimbia vita.

Red Star Line ilifunga kazi 1934, na nyumba yake ya makumbusho ilifunguliwa 2013. Anvers ilingoja miaka 79 kabla ya kuliweka sanduku la maskini mahali pa heshima, na kwa wale waliobebewa mpira na pembe bado inatafuta maneno. Familia za Masisi, Rutshuru, Djugu na Fizi hazina haja ya kungoja hivyo. Mwenye kukumbuka bado yupo. Aulizwe leo.